Picha ya mgonjwa wa akili: Nani ameamua ipigwe?

Msomaji, ukikaribishwa sebuleni katika nyumba nyingi za Kitale na Bungoma utaona picha za jamaa zimetundikwa ukutani. Kuna ya harusi, kuna ya binti aliyevaa joho siku ya kufuzu chuoni, kuna ya babu ameketi na bakora yake, na kuna ya kijana wa mwaka wa tohara akiwa amezungukwa na wajomba. Hesabu nyuso hizo, kisha uulize kwa upole watoto wa nyumba hiyo ni wangapi. Wakati mwingine idadi ya watoto itazidi ile ya nyuso. Asiyeonekana huenda ni yule aliyeanza kusikia sauti akiwa kidato cha tatu, au yule anayekaa chumba cha nyuma na ambaye hatokezi wageni wakija. Siku akifa, picha ya kitambulisho chake itapelekwa studio ikakuzwe, ibebwe mbele ya jeneza, na hapo ndipo majirani wengi watakapomwona ndani ya fremu kwa mara ya kwanza.

Somo la juma hili linahusu njia moja ya kupunguza aibu hiyo. Njia yenyewe ni kumpiga picha nzuri mtu aliyewahi kuugua maradhi ya akili, kuandika kando yake maneno yake mwenyewe, na kuionyesha hadharani. Imejaribiwa katika nchi nyingi, na vikundi vya afya, makanisa, shule na hata wapiga picha wa mitaani wanaweza kuitumia. Lakini ina hatari zake. Picha hiyo hiyo inaweza kumrudisha mtu katika jamii au kumfukuza kutoka kwa chumba alichopanga. Tofauti haitokani na ubora wa kamera. Inatokana na nani aliyeamua picha ipigwe, ionyeshwe wapi, na iondolewe lini.

"Ana" na "ni"

Wataalamu huita aibu hii unyanyapaa, yaani kumtia mtu alama kisha kumtenga kwa ajili ya alama hiyo. Sikiliza jinsi tunavyosema. Mtu mwenye kisukari, twasema ana kisukari. Mwenye shinikizo la damu, ana presha. Lakini mwenye maradhi ya akili hatusemi ana kitu. Twasema ni kichaa, ni mwendawazimu, ni chizi, na Waluhya wengi watasema ni omulalu. Ugonjwa umekuwa jina lake. Hata hospitali imegeuzwa tusi. Mathari ya Nairobi ilifunguliwa mwaka wa 1910 kama hifadhi ya wendawazimu na kupewa jina la Mathari mwaka wa 1924. Hadi leo, mtu akizozana na kondakta wa matatu huulizwa ametoroka Mathari lini.

Maneno haya yana gharama. Sera ya afya ya akili ya Kenya ya mwaka wa 2015 inasema kwamba huenda asilimia 25 ya wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani, na asilimia 40 ya wanaolazwa, wana tatizo la akili la namna fulani. Wengi wao huja wakilalamika kuhusu kichwa, tumbo au kukosa usingizi, na hutibiwa hayo tu. Shirika la Afya Duniani nalo limesema kuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, zaidi ya robo tatu ya watu wenye magonjwa haya hawapati matibabu yoyote. Upungufu wa dawa na wauguzi ni sababu mojawapo. Sababu nyingine ni kwamba familia huchelewa. Mgonjwa hupelekwa kwenye maombi, kisha kwa mganga, kisha hufichwa, na anapofikishwa hospitalini amefungwa kamba mikononi na miezi mingi imepita. Ugonjwa wa akili uliokaa muda mrefu bila tiba ni mgumu zaidi kutuliza, na wakati huo mtu amekwisha kupoteza kazi, ndoa na marafiki.

Mwaka wa 2020 jopo la kitaifa lililoongozwa na daktari Frank Njenga, baada ya kupokea maoni ya wananchi, lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la dharura nchini. Unyanyapaa ulikuwa miongoni mwa mambo liliyoyataja.

Mbona tusihubiri tu?

Huenda unajiuliza: si rahisi zaidi kuwaita watu kwenye baraza ya chifu, daktari awaeleze kwamba huu ni ugonjwa kama mwingine, basi? Elimu husaidia, lakini peke yake haifiki mbali. Kule Marekani watafiti waliwauliza wananchi maswali yale yale mwaka wa 1996 na mwaka wa 2006. Katika miaka hiyo 10 watu wengi zaidi walikubali kwamba maradhi haya yanatokana na ubongo na kwamba yana tiba. Hata hivyo, hamu yao ya kukaa mbali na mgonjwa haikupungua. Walijua zaidi, lakini bado hawakutaka awe jirani yao wala amwoe dada yao.

Kinachobadilisha moyo ni kukutana. Mwaka wa 2012 mtaalamu Patrick Corrigan na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 72 kutoka nchi 14, zilizohusu watu zaidi ya 38,000. Waligundua kwamba kwa watu wazima, kukutana na mtu aliyeugua na ambaye sasa anaendelea na maisha yake huondoa chuki kuliko mafundisho. Kwa vijana wadogo, mafundisho ndiyo yaliyofanya vizuri zaidi. Kukutana ana kwa ana nako kulishinda kumtazama mtu katika video. Mwaka wa 2022 jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilipitia ushahidi wa miaka mingi likafikia uamuzi unaofanana na huo. Lilisema pia kwamba wenye kuugua ndio wanaofaa kuziongoza kazi hizi.

Sasa picha inaingia wapi? Picha ni mkutano mdogo. Sokoni Chwele au kwenye steji ya Kitale, ukimwona mtu anayezungumza peke yake unageuza macho, kwa woga au kwa heshima. Mbele ya picha unaruhusiwa kutazama. Unamtazama machoni, unaona shati lake limepigwa pasi, unaona pete ya ndoa, unasoma maneno yake bila yeye kukuona ukishangaa. Ile hofu ya kwanza hupungua. Lakini ukizingatia utafiti nilioutaja, picha peke yake ni nusu ya kazi. Inafaa mwenye picha awe amesimama hapo kando, akitaka mwenyewe, tayari kusalimiwa na kuulizwa. Mimi ningechagua picha sita zenye wenyewe kuliko picha 60 zilizotundikwa ukumbini bila mtu.

Kamera iliyokuja na minyororo

Kamera na wagonjwa wa akili wamejuana kwa muda mrefu, na si kwa wema kila mara. Katika miaka ya 1850 daktari Mwingereza Hugh Welch Diamond, aliyesimamia upande wa wanawake katika hospitali ya wendawazimu ya Surrey, aliwapiga picha wagonjwa wake. Aliamini kwamba uso huonyesha aina ya wazimu, kama vile jani huonyesha aina ya mti. Imani hiyo haikuwa ya kweli, ila picha zake zilienea na zikawafundisha watu kuutafuta ugonjwa usoni. Diamond, kwa haki yake, aliwaonyesha pia wagonjwa picha zao wenyewe akisema kujiona kunawasaidia kupona. Wazo hilo la pili halikusikika sana.

Hapa Kenya tulikuwa na J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari kuanzia mwaka wa 1938 hadi 1950 na ambaye alianza kazi hiyo bila mafunzo ya udaktari wa akili. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo aliufananisha ubongo wetu na wa Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya kichwa. Yeye hakuhitaji kamera. Alikuwa amekwisha kuamua sura ya mgonjwa ina maana gani kabla mgonjwa hajasema neno. Namtaja kwa sababu tabia hiyo haikuondoka naye: bado wapo wanaofika na daftari au kamera, wanamwangalia mtu, na kuondoka na maelezo ambayo mwenyewe hatayaona kamwe.

Mwaka wa 2011 kituo cha televisheni cha CNN kilionyesha filamu kuhusu hali ya wagonjwa wa akili nchini Kenya, waliofungiwa majumbani na waliobanana wodini. Mwaka huo huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti kali kuhusu kupuuzwa kwa huduma hizi. Wakati huo huo mpiga picha Robin Hammond, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa akizunguka katika nchi za Afrika zilizotoka vitani akiwapiga picha wagonjwa waliofungwa minyororo magerezani na kambini. Mwaka wa 2013 alizitoa katika kitabu. Picha hizo zinaumiza macho.

Je, zilisaidia? Kwa upande mmoja, ndiyo. Wakubwa waliona aibu, pesa za wahisani zilitafutwa, na maswali yaliulizwa. Mnyororo usioonekana haukatwi. Tena mnyororo haujaisha: mnamo Oktoba 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watu wanaofungwa kwa sababu ya maradhi ya akili katika nchi takriban 60, Kenya ikiwamo. Lakini fikiria mtazamaji wa kawaida. Mtu anayemwona mgonjwa akiwa uchi, kachafuka, macho yametoka, haondoki akisema "huyu angekuwa ndugu yangu". Huondoka na huruma iliyochanganyika na woga, na kesho atamfungia binamu yake mlango. Na huyo aliyefungwa hakuulizwa. Angeulizwaje, naye amefungwa?

Hammond mwenyewe hakubaki hapo. Baadaye alianzisha shirika la Witness Change, ambalo hutumia picha za nyuso na masimulizi ya wenyewe, na mojawapo ya miradi yake inahusu afya ya akili. Mtu huketi mbele ya kamera akijua, akatazama mbele, akasema habari yake. Naona safari hiyo ya mpiga picha mmoja, kutoka mnyororo hadi kiti, inafundisha kuliko kitabu cha kanuni.

Magazeti nayo yasijitoe. Kwa miaka mingi tumeweka ule ukanda mweusi machoni pa mgonjwa tukidhani tunamlinda. Haumlindi, kwani anayemfahamu atamtambua kwa kidevu, kwa koti na kwa ua la nyumba yao. Isitoshe, ukanda huo ndio tunaowawekea washukiwa wa wizi. Mtu akiomba asijulikane, mpige picha mikono yake, au kivuli chake, au mgongo wake akielekea shambani. Usimpige uso kisha ukaufuta.

Waliojitokeza wenyewe

Wapo Wakenya waliochagua kusema kwa jina na sura. Sitawa Wafula amekuwa akieleza hadharani maisha yake na kifafa na ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, na mwaka wa 2016 kazi yake ilitunukiwa tuzo ya shirika la ONE. Ukimsikiliza utaona hafundishi ugonjwa. Anaeleza siku zake. Kuanzia mwaka wa 2018, mpango wa Time to Change Global uliotoka Uingereza uliendesha kampeni Nairobi na Accra, na waliotangulizwa mbele walikuwa watu walioonja maradhi haya wenyewe. Kipo pia chama cha Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, kilichoanzishwa mwaka wa 2007 na watu waliopitia matibabu, ambacho huwakutanisha katika vikundi vya kusaidiana.

Katika miji mikubwa, kujitokeza ni jambo zito lakini jiji lina pa kujifichia. Kitale na Bungoma ni tofauti. Ukionekana leo kwenye bango karibu na hospitali, kesho mama mboga amekwisha kujua, mwenye ploti amejua, na shangazi kule Kimilili amepigiwa simu. Hiyo ndiyo nguvu ya njia hii katika miji yetu, kwa sababu mtazamaji anamfahamu aliye pichani, au anamfahamu ndugu yake. Na ndiyo hatari yake.

Hatari hiyo huongezeka ukipanda Mlima Elgon. Kati ya mwaka wa 2006 na 2008 wakazi wa huko walipitia mapigano ya mashamba, wapiganaji wa SLDF waliua na kukata watu masikio, na operesheni ya jeshi iliyoanza Machi 2008 ilileta mateso na kutoweka kwa wanaume wengine. Ndoto za kutisha, kushtuka ovyo na huzuni isiyokwisha ni mambo yanayotarajiwa baada ya maovu kama hayo, na ni ugonjwa unaostahili tiba. Lakini mwanamke wa Kopsiro au Cheptais akisimulia kwa nini halali usiku, atalazimika kumtaja mtu. Huenda mtu huyo ni jirani. Kwa huyu, picha ya uso yenye jina si ujasiri, ni hatari tupu, na mwandalizi mwenye busara hatamwomba. Mashirika yanayowahudumia manusura wa mateso huko Bungoma yatamsaidia zaidi chumbani kuliko ukumbini.

Picha mbili za fundi mmoja

Tuchukue mfano wa kutunga, si mtu halisi. Kuna fundi wa baiskeli pale Kanduyi, umri wake miaka 40 hivi, aliyelazwa mara mbili. Mpiga picha wa kwanza anamkuta kliniki siku ya sindano. Anasimama, fundi ameketi kwenye benchi, kamera inamwangalia kutoka juu. Nyuma yake kuna dirisha lenye vyuma. Maelezo yanasema: "Mgonjwa wa skizofrenia, Bungoma." Hakuna neno la uwongo hapo, lakini mtazamaji hatampelekea baiskeli yake.

Mpiga picha wa pili anakwenda kibandani asubuhi, jua halijawa kali. Ameshakuja mara mbili bila kamera. Anachuchumaa hadi kamera ilingane na macho ya fundi. Fundi amechagua kuvaa ovaroli yake, ameshika spana, na ameamua asicheke kwa sababu yeye si mtu wa kucheka kwenye picha. Chini yake kuna maneno aliyoyasema kwa Lubukusu na kuandikwa kwa Kiswahili, kisha akasomewa na kuyakubali:

"Nimetengeneza baiskeli hapa tangu nikiwa kijana. Mwaka mmoja nilianza kuamini kwamba wateja wanataka kunilisha sumu, nikaacha kula. Ndugu zangu walinifunga kamba. Mke wangu akawaambia wanifungue, akanipeleka hospitali. Sasa nachomwa sindano kila mwezi. Baada ya sindano nasinzia siku mbili, kwa hivyo siku hizo sifungui kibanda. Wateja wamezoea. Baiskeli yako ikiharibika siku hiyo, niletee keshokutwa."

Ona kilichofanyika. Kazi imetangulia ugonjwa. Ugonjwa umetajwa kwa namna ulivyomjia, bila jina gumu la daktari. Aliyesaidia ametajwa na alichofanya. Dawa imetajwa pamoja na usumbufu wake, kwa hivyo hakuna anayedanganywa kwamba mambo ni rahisi. Na mwisho wake ni mwaliko wa biashara. Mtu akimaliza kusoma hujiuliza kuhusu baiskeli yake, si kuhusu wazimu.

Hadithi za kupona kabisa zina mtego wake. Ukiwaonyesha tu waliopata digrii na vyeo, yule ambaye bado anasikia sauti mara mojamoja na anaendelea kuchuma chai atadhani ameshindwa. Mweke naye. Na pale habari inapogusa kujaribu kujiua, taja maumivu na taja msaada, lakini usieleze njia iliyotumika, maana msomaji aliye katika hali hiyo hiyo anaweza kuiga. Ni vyema pia kujua kwamba mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, kusimulia jambo hilo hadharani kulikuwa kama kujishtaki.

Ridhaa si sahihi tu

Watu wengi hudhani mgonjwa akitia sahihi kwenye karatasi, kazi imekwisha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inaihesabu habari ya afya ya mtu kuwa siri ya pekee, na inampa haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote. Si sheria ya mapambo. Mnamo Septemba 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mnamo Juni 2022 nayo inatambua haki ya mgonjwa kutunziwa siri na kushirikishwa katika maamuzi yanayomhusu.

Kwa hivyo omba ridhaa kwa hatua, na siku tofauti. Kwanza, kubali kupigwa. Usimpige mtu ambaye bado anaumwa sana, hata akikubali, kwa sababu aliye katika msisimko mkubwa wa ugonjwa anaweza kukubali lolote na kujuta akitulia. Mwachie majuma kadhaa. Pili, baada ya kuiona picha yenyewe na kuyasikia maneno yake, akubali ionyeshwe, na ataje mahali. Kuna anayekubali ukumbi wa kanisa lake lakini hataki sokoni. Kuna anayekubali Kitale, ambako hajulikani, na akakataa Bungoma alikozaliwa. Tatu, mambo ya simu. Karatasi ukutani huonwa na waliofika, na jioni hubanduliwa. Picha iliyotumwa kwenye vikundi vya WhatsApp haiitwi ikarudi. Mweleze hivyo bila kuzungukazunguka, na ukiweza fanya maonyesho yenu ya karatasi tu kwa mara ya kwanza.

Kuna swali moja ambalo naliona muhimu kuliko fomu zote: "Nani akiiona picha hii atakuletea shida?" Mpe muda alijibu. Anaweza kumfikiria mwajiri, mkwe, mwenye nyumba, au mwanawe aliye darasa la saba ambaye wenzake watamcheka. Watoto hao wanastahili kuulizwa pia. Akisema hapana baada ya kutafakari, asibembelezwe, na asinyimwe nafasi yake katika kikundi. Pesa nazo ziwe wazi. Nauli na chakula ni haki yake, lakini malipo makubwa humnunua mtu mhitaji, na anayehitaji shilingi leo hatauliza kesho itakuwaje.

Pa kuonyeshea hapakosekani. Jumba la makumbusho la Kitale, lililofunguliwa mwaka wa 1974, huzuriwa na shule nyingi. Maonyesho ya kilimo ya Kitale huvuta watu wa kila aina, na banda la afya lenye nyuso sita za watu wa huko lingepata wageni wengi kuliko banda la vipeperushi. Bungoma kuna kumbi za kaunti, makanisa na vyuo. Tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, ni siku nzuri, ingawa si vizuri kuwakumbuka watu hawa siku moja kwa mwaka.

Kabla ya kutundika hata picha moja, nenda kwa wauguzi wa hospitali ya rufaa ya kaunti uwaulize: kliniki ya akili ni siku gani, dawa zipo au mgonjwa ataambiwa akanunue, na aliyezidiwa hupelekwa wapi? Moi Teaching and Referral Hospital ya Eldoret, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka Kitale, ina wodi ya akili, lakini nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake si kitu kidogo kwa familia ya mkulima wa mahindi. Maonyesho yakifaulu, watu watakuja na jamaa zao waliowaficha. Ukiwa umewafungua macho na dawa hazipo, umewaongezea uchungu.

Wewe mtazamaji nawe una sehemu yako. Ukikutana na aliye pichani, msalimie kama unavyowasalimia wengine, kwa jina lake au kwa jina la mtoto wake. Usimuulize kama bado anameza dawa. Usimpige picha ukiwa umesimama naye hadi akubali. Ukiwa mwajiri wake na picha hiyo ndiyo iliyokujulisha, jiulize kazi yake jana ilikuwaje.

Wenye picha nao wasiachwe. Mwandalizi apange kuwatembelea baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi sita, awaulize kilichotokea nyumbani, kazini na kanisani. Kuna atakayesema mambo yamekuwa mema, mjomba aliyekuwa hamsemeshi amemletea kuku. Kuna atakayesema amechoka kuwa "yule wa picha" na anataka ishushwe. Ishushwe siku hiyo hiyo, akabidhiwe mwenyewe nakala zote, bila kuulizwa sababu.

Tena uwe tayari kwa jambo moja ambalo hutokea mara nyingi watu wanapoanza kusema. Mtu asiye kwenye orodha yako, aliyekuja kutazama tu, atakuvuta kando na kukuambia kwamba yeye naye hana hamu ya kuishi. Usimhubirie na usimwambie ajikaze. Kaa naye, muulize waziwazi kama amefikiria kujiua, na usimwache peke yake. Tafuta mtu anayemwamini, mwondoleeni dawa za kunyunyizia mimea na vitu vingine vya hatari nyumbani, na mfuatane hadi idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo, na anayejibu anaweza kuzungumza naye mnaposubiri gari.